Mwaka wa Kulaza Diski

Habari ilinikuta kazini, katika chumba cha mashine ambako tunavaa masweta mwaka mzima kwa baridi ya viyoyozi. Aliyepiga simu ni Bwana Anselmi, mkuu wangu wa kazi wa zamani, ambaye siku hizi amestaafu na anafuga nyuki huko Biharamulo. Hana desturi ya kupiga simu kwa ajili ya salamu. "Kabula," alisema baada ya kuulizana afya, "Mzee Stefano wa Murusagamba ametutoka. Tumemzika jana." Tukapeana pole, simu ikakatika, nikabaki nimeishika. Ofisini kwetu mtu akifiwa anatangaza, wenzake wanakuja kumpa mkono. Mimi ningetangaza nini? Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala mkwe, wala jirani. Nilikaa nyumbani kwake mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na minne, na nilimkosea jambo ambalo tulilijua watu watatu. Sasa tumebaki wawili, na Anselmi mwenyewe analijua nusu.

Ya kwetu Shinyanga na ya shule nayaacha. Naanzia pale gari la mradi liliponishusha Murusagamba wakati wa kiangazi, vumbi limenijaa mpaka kwenye kope, nikiwa na begi moja na godoro lililokunjwa. Mradi wetu ulikuwa wa kurekodi sauti za wazee: walivyooana, mbegu walizopanda, nyimbo walizobembelezea watoto, kila mmoja kwa lugha ya kwao, Kihangaza, Kisubi, Kizinza, na Kisukuma cha wafugaji waliohamia upande wa Biharamulo. Wenzangu walizunguka vijijini na vinasa sauti, wakifika Bukiriro na Nyakisasa na huko kote. Mimi nilikuwa mtunza mashine. Ilikuwa seva moja kuukuu, yenye diski kumi na mbili ambazo zilikwisha tumika mahali pengine kabla ya kuletwa kwetu. Iliwekwa katika chumba cha uani kwa Mzee Stefano, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na paa imara la kubeba paneli za sola. Mimi nikapewa chumba cha pili, tumetenganishwa na mashine kwa ukuta mmoja.

Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mbao, meza, dirisha la kutazama migomba, na msumari mmoja ukutani ambao niliutundikia kila nilichokuwa nacho. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi nilikuwa peke yangu na mashine. Wenzangu walipita mara moja kwa wiki, wakaniachia rekodi, wakala, wakaenda zao. Mtandao wa simu ulipatikana kwenye kona moja ya kilima, na ukifika pale unakuta watu watatu wanausubiri. Nje ya dirisha watu walipita wakiongea Kihangaza, wakicheka, na kila walipocheka nilijiuliza kama wananicheka mimi. Wengi wao Kiswahili walikijua vizuri, lakini walikuwa nacho kama mtu alivyo na viatu vya kanisani, nyumbani walikivua. Nawalaumu kwa lipi? Mimi ndiye niliyekuwa mgeni, nami sikufanya bidii ya kujifunza lugha yao. Nilijiambia mkataba wa mwaka mmoja unaisha upesi. Niseme wazi: sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa mwaka ule, hata nilipoachwa na mume sikufikia pale.

Aliyenishika mkono ni Bi Yudita, mke wa Mzee Stefano. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Kila asubuhi aligonga dirisha kwa kidole na kusema, "Kabura! Umeamuka?" Nyumba nzima waliniita Kabura, nami niliacha kuwasahihisha wiki ya kwanza. Mchana aliniwekea ugali wa muhogo na maharage, au ndizi zilizopikwa na kufunikwa kwa jani mpaka zikalainika, kisha akakaa mbele yangu kunitazama ninavyokula. "Wasukuma mnakula kidogo hivi?" alinitania. "Basi ng'ombe wenu ndio wanaoshiba." Nikimaliza aliongeza bila kuuliza. Mzee Stefano alikula chumba cha mbele, akisikiliza redio ndogo, na mara kwa mara alisema neno moja kwa Kihangaza ambalo lilimfanya mkewe ajibu kwa maneno mia. Sikujua walizungumza nini. Nilikuwa nasikia tu kwamba wamezoeana.

Shida ya kwanza ya mwaka ule ilikuwa umeme. Kiangazi betri zilijaa mpaka saa nane mchana, lakini vuli ilipoanza, mawingu yalikaa juu ya vilima siku tatu nzima na mashine ikazimika mara mbili katika wiki moja. Bwana Anselmi alikuja, akavua kofia, akakaa juu ya ndoo akisikiliza mashine. "Unasikia?" aliniuliza. "Diski kumi na mbili zinazunguka, na hakuna mtu anayeomba chochote. Ni kama kuwasha moto jikoni kutwa nzima na hakuna anayepika. Zilaze." Akanionyesha namna ya kuiamuru mashine isimamishe diski isiyo na kazi, ikae kimya mpaka itakapohitajika. Kwa kuwa diski moja ikiamshwa zingine hazina sababu ya kuamka, alinishauri nikusanye vitu vya kila siku mahali pamoja. Nikaifanya diski ya saba kuwa diski ya kazi: rekodi mpya zote zilikwenda huko, zingine kumi na moja zikalala na hazina yao. Muda wa kusubiri kabla ya kulala nikauweka dakika mbili. Anselmi alikuwa ametaja nusu saa, lakini nilidhani dakika mbili ni ubanaji matumizi zaidi. Siku ya kwanza chumba kilipotulia nilitoka nje kuangalia kama kimeungua.

Nilifanikiwa, na kichwa kikavimba. Mawingu yalikuja na mashine haikuzimika. Niliandika hali ya betri ubaoni kila jioni na kila mgeni wa mradi nilimwonyesha, hata kama hakuuliza. Anselmi alinisifu mbele ya wenzangu, wakanipa jina la Mama Lala. Nililipenda jina lile kuliko nilivyokubali.

Baada ya Krismasi Anselmi aliniletea rekodi za Kisukuma nizitafsiri, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa Msukuma pekee mradini. Kati yake kulikuwa na mwanamke mmoja, Mama Nkwimba, anayesimulia jinsi walivyoswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka Biharamulo. Alisimulia vizuri, kwa utulivu, mpaka anafika mahali wamekosa maji siku ya pili, na ghafla anaacha hadithi na kufoka: ndama ameingia na anatafuna ncha ya kanga yake. Anamtukana ndama yule matusi ya kwetu, yale ya mama mzazi, anamtaja ukoo wake na uvivu wa baba yake, kisha anarudi kwenye kiu na jua kana kwamba hakuna kilichotokea. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu machozi yakaendelea yenyewe. Tafsiri ilikwisha kwa siku nne. Mimi sikuacha kumsikiliza. Rekodi yake nikaiweka kwenye diski ya saba, karibu yangu. Nilimsikiliza nikinywa chai, nikitoka kuoga, nikimaliza kuorodhesha mafaili mawili. Kipande cha ndama hakikufika dakika moja. Nikikisikia natulia, nafanya kazi kidogo, diski inalala. Natamani tena, naiamsha. Kupitia ukutani niliisikia ikijikokota kuanza, mlio ukipanda kutoka chini mpaka juu, na ule mlio ukawa kwangu hodi ya mtu anayekuja kunitembelea.

Mwezi wa pili tulimrekodi Bi Yudita. Wenzangu walikuwa mbali, hivyo nilifanya mwenyewe. Alioga, akavaa kitenge cha harusi ya binti yake, akaketi kwenye kiti changu, na jambo la kwanza alilofanya ni kumfukuza mumewe. "Wewe toka," alimwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Haya si ya kusikilizwa na mwanaume anayesemwa humo." Mzee alisimama mlangoni akitabasamu kama kijana. "Nitayasikia kwenye mashine," alisema. "Utayasikia siku nimekuchoka," alijibu mkewe, akafunga mlango. Alizungumza saa moja na nusu, Kihangaza kitupu. Mimi nilivaa hedifoni na kuangalia ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka kuonyesha ukubwa wa sauti, nihakikishe haigusi nyekundu. Ndiyo kazi niliyofundishwa. Alipomaliza alikunywa maji vikombe viwili, akacheka, akanishika shavu, akaenda jikoni. Nikahamishia rekodi kwenye diski ya saba, nikafuta kadi ya kinasa sauti kama tulivyofanya siku zote, ili itumike kesho.

Kisha masika yakafunga barabara. Diski ya ziada, ambayo Anselmi aliitumia kuchukulia nakala kila mwezi, ilikuwa Biharamulo na haikuweza kuja. Ningeweza kunakili rekodi mpya kwenye moja ya zile kumi na moja zilizolala. Ni kazi ya dakika ishirini. Nimezifikiria zile dakika ishirini kwa miaka yote hii, nikiwa kwenye foleni, nikiwa kanisani. Sikuifanya kwa sababu betri zilikuwa chini na nilikuwa nimeandika ubaoni siku arobaini bila kuzimika. Sikutaka kuamsha diski ya pili. Lakini ya saba, ya Mama Nkwimba na ndama wake, niliiamsha kila nilipotaka.

Bi Yudita aliugua katikati ya mvua zile. Ilianza kama homa ya kawaida, siku ya pili hakugonga dirisha langu, siku ya tatu wanaume wakambeba kwa machela kwenye matope mpaka zahanati, siku ya nne wakamrudisha amefunikwa. Nyumba ikajaa watu. Nilichambua mchele na wanawake, nikachota maji, na kwa kuwa sikujua nyimbo zao nilikaa kimya wakiimba. Mzee Stefano alikaa kwenye mkeka mahali pamoja siku zote za matanga. Redio ilizimwa. Watu walipoondoka, nyumba ilibaki na sisi wawili na binti yake, Odilia, aliyekuja kutoka Ngara mjini kumpikia kwa wiki chache. Asubuhi ya kwanza baada ya matanga Mzee aligonga mlango wa chumba cha mashine, amenyoa, amevaa koti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia mashine na kuvua kofia mbele yake. "Kabura mwanangu," alisema, "nimekuja kumusikiriza mama yako."

Nikamvutia kiti kilekile. Nikaiamuru diski ya saba iamke. Nilisikia mlio ukianza kupanda, ukakatika, ukaanza tena, ukakatika, halafu ikawa tk, tk, tk, kama mtu anayegonga kwa ukucha. Nilijaribu mpaka betri zikaanza kulalamika. Mzee alikaa mikono juu ya magoti, akisubiri kwa adabu, akidhani ndivyo mashine inavyoanza. Mwisho nikamwambia kuna hitilafu kidogo, Bwana Anselmi akija ataitengeneza. "Haya," alisema. "Hata yeye hakuwa mwepesi kuanza kuzungumuza na wageni." Akavaa kofia akatoka.

Anselmi alifika barabara ilipokauka. Aliitoa diski, akaitikisa sikioni, kisha akafungua hesabu ambayo mashine yenyewe huweka, ya mara ngapi kila diski imeamshwa. Sikujua kama kuna hesabu hiyo. Zile kumi na moja zilikuwa na mia na kitu. Ya saba ilikuwa na maelfu. Alitazama kioo, akanitazama mimi. "Diski haichoki kwa kuzunguka, Kabula. Inachoka kwa kuanza. Na kila ikianza inakunywa umeme mwingi kuliko ikizunguka. Ulikuwa unaiamshia nini?" Nikamwambia. Aliketi kwenye ndoo. Hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema rekodi ya Mama Nkwimba anayo nakala yake Biharamulo, hiyo haijapotea. Zilizoingia tangu mwezi wa pili zimepotea zote, na kati ya hizo ya kutuhangaisha ni moja. "Tutamwambia Mzee ni umeme wa jua," alisema. "Tutasema diski imepelekwa Dar kwa mafundi. Huwezi kumwambia mtu aliyefiwa kwamba ni kwa ajili ya ndama." Kweli aliipeleka Dar. Jibu lilirudi baada ya wiki tatu kwamba haifai tena. Mzee Stefano hatukumwambia jibu hilo.

Miezi mitatu iliyobaki niliishi na swali moja. Odilia alikwisha rudi mjini, kwa hiyo nilikuwa napika mimi, na tulikula wote chumba cha mbele, Mzee na mimi, vyakula alivyonionyesha marehemu na ambavyo mimi niliviharibu. Ndizi zangu zilikuwa ngumu, alizila. Kila Jumapili akitoka kanisani aliuliza, "Wale wa Dar wamesemaje?" nami nilisema bado. Aliitikia kwa kichwa bila kinyongo. Nilikuwa nimeacha kumsikiliza mtu yeyote kwenye mashine. Chumba cha uani kilikuwa kimya kabisa, diski zote zimelala, betri zimejaa, ubao wangu unaonyesha siku nyingi kuliko wakati wowote, na hakuna aliyebaki wa kuonyeshwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, saa tisa za mchana, jua zuri. Nikakaa chini upande wa pili wa ungo na kumwambia yote. Nilimwambia habari ya dakika mbili, ya diski ya kazi, ya nakala ambayo sikuitengeneza. Nilimwambia Dar walikwisha jibu zamani. Nilimwambia kuhusu mwanamke wa Kisukuma. Mikono yake haikusimama. "Huyo mwanamke alikuwa anasema nini?" aliuliza. Nikamsimulia kiu, na jua, na ndama na kanga, na matusi yale niliyatafsiri kwa Kiswahili kadiri adabu ilivyoruhusu. Mzee Stefano alicheka. Alicheka mpaka maharage yakaruka kwenye ungo, mara ya kwanza tangu mazishi, akajifuta macho kwa kiganja. Nikapumua. Nilidhani nimesamehewa na imekwisha.

"Basi," alisema, "mashine ikifa imekufa. Sasa naweza kukuuriza wewe." Sikumwelewa, na alilijua hilo usoni kwangu, akanieleza taratibu kama anavyoelezwa mtoto. Mambo ambayo mwanamke amemweleza binti yake, mume hamwulizi binti. Ni aibu kwa wote wawili. Ndiyo maana alikuwa akisubiri mashine, maana mashine haina aibu; sasa haipo, ilibidi aibu aibebe. "Siku ile arirudi jikoni ana furaha," alisema. "Akaniambia, 'Nimeyatoa yote, Stefano. Kabura ameyasikia.' Akasema urikuwa unaitikia kwa kichwa." Hapo nikakumbuka kwamba ni kweli. Nilikuwa naitikia. Macho yangu yalikuwa kwenye mistari ya kijani, na kila aliponyamaza niliinua kichwa na kuitikia, ili aendelee.

"Sikuelewa, Mzee," nilisema. "Sijui Kihangaza."

"Hata neno moja?"

Mwaka mzima nilikuwa nimekula chakula chao, na nilijua salamu na majina ya mboga. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia kwamba nilisikia jina lake, Stefano, na kwamba lilirudi mara nyingi. Aliacha kuchambua. "Akiritaja," aliuliza, "arikuwa anacheka, au arikuwa na hasira?" Sikujua. Sikuwa nimemtazama usoni. Nilichokuwa nimekitazama ni sauti, nikampa hicho. Nilimwambia kwamba alipolitaja jina lake alishusha sauti, yeye mwenye sauti kubwa vile, akaishusha mpaka mistari ikalala chini kabisa, ikabidi nizungushe kitufe na kuongeza ili asipotee.

Mzee Stefano aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Kira mara?"

"Kila mara, baba," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akachukua maharage mengine. Kwa hakika nakumbuka aliishusha mara mbili tu.